Hita Iliyokwenda Kibondo

Niseme mapema ili tusije kulaumiana: mimi ni mwoga. Nina watoto walionizidi kimo, na bado siwezi kugusa swichi kwa mkono uliolowa. Mawingu yakianza kunguruma upande wa Burundi, nyumbani kwangu kila plagi inachomolewa ukutani, tamthilia iwe imefika patamu au haijafika, na wanangu wananuna mpaka mvua iishe. Wananiita Mama Chomoa. Waniite watakavyo. Woga huu sikuzaliwa nao. Niliupata mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa nauza kwenye duka la vifaa vya umeme la Mzee Hemedi mjini Kasulu, na nilidhani nimeshauzoea mpaka mwezi uliopita tulipomzika yeye mwenyewe. Nilikuwa uani na wanawake wenzangu tunamenya vitunguu saumu, Bi Zuhura mjane wake yuko chumbani ameanza eda, na nyuma yangu akina mama wawili nisiowajua wakawa wanamzungumza marehemu. "Alikuwa na visa yule mzee," alisema mmoja. "Unakwenda kununua pasi, anakuuliza maswali utadhani unamposa binti yake. Nyumba yako ina waya wa ardhi? Nani kakufungia? Sakafu ni saruji au udongo?" Mwenzake akasema, "Mimi alikataa kuniuzia kabisa. Ati nimletee kwanza fundi wangu amwone uso." Wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kuziba mdomo kwa ncha ya khanga. Mimi sikucheka. Nilimjua Mzee Hemedi kabla hajawa hivyo, alipokuwa anauza chochote kinachowaka, na nilikuwepo siku alipobadilika.

Habari za kwetu Heru Juu sitazieleza, hazina jipya: muhogo, maharage na kutembea kwa miguu. Nianzie dukani. Mwaka ule ndio umeme wa jenereta kubwa ulikuwa umeanza kusambazwa mjini, na watu walikuwa wamepagawa. Mtu hajapaua nyumba lakini kashanunua balbu. Duka lilikuwa jembamba na refu, linanuka plastiki mpya, nyaya zimening'inia darini kwa mafungu, na juu ya kaunta kulikuwa na ubao uliopigiliwa soketi na swichi, ambao Mzee Hemedi aliupenda kuliko kitu chochote kingine humo ndani. Alikuwa mtu wa Tanga, mfupi, kofia ya vito kichwani, sauti ya kuadhini, na alikuwa na kanuni yake moja: hakuna kitu kilichotoka dukani kwake bila kujaribiwa mbele ya macho ya mnunuzi. Unanunua balbu, anaiwasha. Redio, anaipigisha. Pasi, anakuambia utemee mate chuma chake usikie inavyochachatika. "Ikiwaka ni yako," alikuwa anasema, "isipowaka ni yangu." Watu walitoka Buhigwe na Makere, wakapita maduka mengine, wakaja kwake kwa sababu ya ubao ule. Na sisi wauzaji tuliuamini. Tungeanzaje kutouamini? Kitu umekiona kwa macho yako kinafanya kazi, utataka nini zaidi?

Tulikuwa wauzaji wawili, mimi na Esperansi. Wazazi wake walikuja nchini kama wakimbizi kutoka Burundi, yeye akazaliwa huku na akawa raia, na alikuwa na mdomo, jamani, Esperansi alikuwa na mdomo. Mchana Bi Zuhura alituletea wali wa nazi na samaki wa migebuka kwa mlango wa nyuma, Esperansi naye alikuja na ugali wa muhogo na maharage kwenye kikapu, tukavichanganya pamoja stoo, tumekalia maboksi ya balbu. Mzee Hemedi aliusifu wali wa mkewe na kula ugali wa Esperansi. "Mzee," Esperansi alimwambia, "huo ugali utakutoa Tanga ukuhamishie Kasulu moja kwa moja." Naye akajibu, "Mwanangu, ulishanihamisha zamani." Wakati huo Esperansi alikuwa mjamzito, tumbo limemtangulia, na ameshapangiwa akajifungulie Kibondo kwa mama mkwe wake, maana mumewe alikuwa anafanya biashara ndogondogo kambini Nyarugusu na kulala nyumbani kwake kulikuwa kwa nadra. Nilimwonea wivu kidogo, sitakataa. Nilimpenda sana pia.

Ndipo zikaja zile hita. Si za ukutani, ni zile fimbo za chuma zilizojikunja mwishoni, unaitumbukiza kwenye ndoo ya maji na kuichomeka. Zilikuja boksi zima, zinang'aa, bei yake nafuu, zina plagi ya meno matatu kama inavyotakiwa. Mzee Hemedi alijaza ndoo maji, akaiweka barazani mbele ya watu, akatumbukiza moja. Baada ya muda maji yakaanza kuimba, kisha yakatokota, na watu wakapiga makofi kama wako harusini. Anayeijua baridi ya Kasulu asubuhi, ile ya ukungu unaoingia mpaka kwenye mashuka, ataelewa kwa nini zilikwisha upesi. Esperansi alipoaga kwenda Kibondo, Bi Zuhura alitoka na hita moja ameifunga kwenye khanga mpya. Mwanamke akijifungua hukandwa kwa maji ya moto, wiki kwa wiki, tumbo, mgongo na miguu, na maji yakipoa kukandwa huko hakuna faida. "Mwambie mkweo asihangaike na kuni," alisema Bi Zuhura. Mzee Hemedi aliichukua mkononi mwake, akaijaribu kwenye ndoo kama ilivyo kanuni yake, akampa. Esperansi akapiga magoti kupokea. Mimi nilimsindikiza stendi nikarudi dukani kuuza.

Haukupita muda mrefu baada ya kupata salamu kwamba Esperansi amejifungua, tukaletewa habari nyingine asubuhi moja kabla hata hatujafagia. Mhudumu wa gesti moja pale mjini, kijana mchangamfu aliyekuwa ananunua kwetu betri za tochi, alikuwa anamchemshia mgeni maji ya kuoga. Akatia mkono kwenye ndoo aone kama yameshapata moto. Hakuutoa tena. Nilikwenda kuangalia kama watu wote walivyokwenda, na laiti nisingekwenda. Walikuwa wameshamfunika shuka, lakini miguu ilikuwa nje, pekupeku, kwenye saruji iliyolowa, na ndoo iko palepale, na ndani ya ndoo kile chuma kilichojikunja ambacho nilikijua. Kilitoka kwetu. Nilirudi dukani nikakuta Mzee Hemedi kasimama nyuma ya kaunta. Kisha akasema, "Niliijaribu. Yusta, wewe shahidi, niliijaribu mbele yake." Nikasema ndiyo, mzee. Akaja kulirudia neno hilo tena na tena siku ile, hata kwa watu ambao hawakumuuliza.

Mkaguzi wa viwango alikuwa tayari mkoani kwa kazi zake, akaletwa kwetu. Nilitegemea mwanamume mwenye tumbo na vitisho. Akaja mwanamke mwembamba, mpole, ana sauti ya kumwuguzia mgonjwa, na upole wake ndio ulionitisha zaidi. Aliomba ndoo na hita mojawapo kati ya chache zilizobaki. Akaichomeka kwenye ubao wetu. Kisha akapigilia msumari mrefu kwenye ardhi nje ya mlango, akaumwagia maji kidogo, akatoa kipimo chenye nyaya mbili. Waya mmoja akaushikiza kwenye msumari, mwingine akautumbukiza kwenye maji ya ndoo. Sindano ya kipimo ikaruka upande wa pili. Alichomoa, akaifungua plagi kwa bisibisi mbele yetu. "Meno matatu," alisema, "lakini angalia hili la juu. Hili ndilo lingeupeleka umeme ardhini ukipotea njia. Halikufungwa na kitu. Ni pambo." Kweli, nilichungulia nikaona nyaya mbili tu, na jino la tatu limekaa peke yake. "Na chuma chenyewe hakikuzibwa vizuri. Umeme unavujia majini."

"Lakini inachemsha," alisema Mzee Hemedi.

"Inachemsha, mzee. Kufanya kazi ni jambo moja, usalama ni jambo jingine. Ndiyo maana kifaa kinapimwa kabla hakijaingia sokoni na kupewa nembo. Hizi hazina nembo. Hazikupimwa na mtu yeyote."

"Nimezipima mimi," alisema. "Kila moja. Kwa mkono huu."

Yule mama aliuliza zilizouzwa ziko wapi. Bi Zuhura, ambaye alikuwa amesimama mlango wa nyuma muda wote, akasema wateja wetu tunawajua kwa sura na mitaa, zitatangazwa msikitini na makanisani leo hii. Mzee Hemedi akauliza kama zilizobaki azichome moto kwenye shimo la taka. "Usichome," alisema mkaguzi. "Moshi wa plastiki hizi ni sumu na majivu yake yatashuka kwenye visima. Wala usifukie. Zifungwe kwenye gunia, zitachukuliwa." Kisha akatuonya neno ambalo sijalisahau. Alisema kuna watu watakaotuletea ubishi, watasema wameitumia mwezi mzima na hawajafa. "Aliyevaa ndala, au ndoo yake iko pakavu, atasikia maji yanamuuma kidogo tu. Atazoea. Halafu siku moja atavua ndala." Aliposema hivyo nilimwona Esperansi, uani kwa watu, mzazi mwenye mwili laini, anavua ndala aoge. Nikashika kaunta. Nikasema, "Mzee, Esperansi." Uso wake ukawa kama wa maiti. Tukapiga simu ya mumewe. Haipatikani. Tukapiga tena. Haipatikani. Esperansi mwenyewe hakuwa na simu.

Kwenda Kibondo miaka ile haikuwa safari ya kuamka tu na kwenda. Barabara ilikuwa ya vumbi na makorongo, pori lake lilikuwa na majambazi, na magari yalikusanywa yakasindikizwa na askari wenye bunduki. Mzee Hemedi alikuwa mtu wa tahadhari, hajawahi hata siku moja kutangulia msafara. Siku ile aliniambia tu, "Panda," tukaondoka na pikapu yake bila hata maji ya kunywa. Nilikuwa naogopa majambazi, naogopa mwendo wake, naogopa zaidi tutakachokikuta. Niliomba kimoyomoyo sala zote nilizofundishwa, na nilipozimaliza nikaanza upya. Upande wake nilisikia anasoma za kwake, na katikati ya aya anakatisha anasema, "Nimempa kwa mkono wangu, Yusta. Mzazi. Kwa mkono wangu." Mimi nilikuwa nahesabu vichaka.

Makere askari akatusimamisha kizuizini. "Mzee, subirini msafara. Huko mbele si kuzuri." Mzee Hemedi akamweleza, maneno yanagongana, hita, mzazi, Kibondo. Yule askari akabadilika sura. "Hita zile za kwako? Mbona na mimi ninayo? Iko nyumbani." Mzee Hemedi akatoka garini, akamshika askari mwenye bunduki kola ya shati. Sikuamini macho yangu. "Mpigie mkeo! Mpigie sasa hivi, mwanangu, asiguse maji!" Askari akapiga palepale, na mkewe alipopokea, akamfokea kwa Kiha chetu mpaka watu wakageuka: chomoa, usiguse maji, chomoa kwanza, nimesema usiniulize! Alipokata simu alituangalia kidogo, akainua kile kigogo cha kizuizi yeye mwenyewe. Tukaingia porini peke yetu.

Tulifika Kibondo jua linazama. Huko nako umeme ulikuwa wa jenereta na uliwashwa jioni tu, mchana hakuna, na njia nzima tumaini letu lilikuwa hilo: tufike kabla haujawashwa. Tuliuliza nyumba, tukaelekezwa. Uani kulikuwa na wanawake wazima wawili wamekaa kwenye mkeka, wamenyoosha miguu, wanasubiri kitu. Na Esperansi akatoka ndani. Amenenepa kwa uji, khanga ile ya Bi Zuhura kifuani, mzima. "Yusta! Umenifuata, we mchawi!" Nilimkumbatia nikalia kwa sauti kama mtoto, naye akawa ananicheka, ananiuliza nani kafa. Mama mkwe wake akaja, mwanamke mrefu aliyekauka, Esperansi alimwita mabukwe, ndivyo Warundi wanavyomwita mama mkwe. "Mwiriwe," alitusalimia, akamwekea Mzee Hemedi kiti mbali kidogo na mlango wa uani, kama heshima inavyotaka. Nikauliza wale wanawake wanasubiri nini. "Maji," alisema Esperansi. "Yusta, hita yenu ni dawa! Maji yake yanauma, yanaingia mpaka kwenye mfupa. Hawa wana miguu mibovu, tukimaliza mimi kukandwa nao wanatia miguu yao. Mtaa mzima unakuja."

Mzee Hemedi alisimama akaanza kueleza, lakini alieleza vibaya, kwa hofu, kwa Kiswahili chake cha pwani chenye maneno mengi, na mabukwe alimsikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Umekuja kuichukua?" Mzee Hemedi akasema ndiyo. Nikaona yule mama anakunja uso. Kwao, na hata kwetu Waha, alichopewa mzazi kabla hajamaliza siku zake za uzazi hakirudishwi. Ukimnyang'anya mzazi zawadi yake umekigusa kitanda chake, na kilicho kitandani ni mtoto. Hilo Mzee Hemedi hakulijua, na mimi nilijua lakini nilichelewa kumzuia. "Oya," alisema mabukwe. Hapana. Akageuka, akaenda zake nyuma ya nyumba, kwenye kiuga, uzio mdogo wa mabua anakokandwa mzazi, na Esperansi akamfuata. Mwanamume haruhusiwi kukanyaga kule. Mzee Hemedi alinitazama. Nilijua anachotaka kuniambia na nilitamani asiniambie. "Nenda wewe, mwanangu," alisema. "Mimi siwezi."

Nilikwenda. Miguu ilikuwa inakataa, nikaiburuta. Mle ndani kulikuwa na beseni kubwa limejaa maji, hita imeshatumbukizwa, waya wake umepita dirishani mpaka chumbani, kwenye soketi iliyoning'inia ukutani karibu na dirisha, na balbu moja imefungwa juu ya ukuta. Siku hiyo ardhi ilikuwa imelowa tope linalonasa ndala. Esperansi alikuwa anafungua khanga. Nikamwona anavua ndala ya kwanza. Nilimrukia. Nilimshika kiunoni nikamvuta nyuma tukaanguka wote wawili kwenye tope, mzazi yule, Mungu anisamehe, na papo hapo balbu ikawaka juu yetu na maji yakaanza kuimba.

"Una wazimu?" alipiga kelele Esperansi. Nje Mzee Hemedi akaita, "Yusta! Umewaka! Yusta!" Mabukwe akanisimamia juu, ana hasira mpaka midomo inamcheza, akaanza kunisema kwa Kirundi, ambacho mimi Muha ninakisikia vizuri na Mzee Hemedi hakijui hata neno. Nimekuja nyumbani kwake kumwangusha mzazi. Nina kijicho. Ona, alisema, akainama akatumbukiza ncha za vidole ndani ya beseni. Nilifumba macho. Nilipofumbua bado alikuwa amesimama, anavikunjakunja vidole, anatabasamu. "Yanauma tu. Sijafa."

"Mabukwe," nilisema, na sijui sauti ile niliitoa wapi, "umevaa ndala." Akaangalia miguu yake. Nikamweleza kwa Kiha kuhusu kijana wa gesti, miguu yake ilivyokuwa, sakafu ilivyokuwa. Wakati nazungumza nilijifunga khanga kavu mkononi, nikaupitisha ule mkono dirishani, nikaivuta plagi. Ilikuwa ngumu kutoka. Nadhani ndilo jambo lililonionekea refu kuliko yote niliyowahi kufanya. Maji yakanyamaza. Mabukwe hakufurahi, alitema mate pembeni. Alisema watu wa dukani wana maneno yao, kesho watakuja na hita nyingine ya bei kubwa. Alisema hata mtoto anamwogesha humohumo. "Hita ikiwa ndani?" niliuliza. "Nikiitoa maji si yatapoa? Yeye analia tu. Analia kama anachinjwa, tunamcheka. Mkali kama babu yake." Esperansi aliyekuwa anajifuta tope akasimama wima, amenyamaza, na ukimjua Esperansi utajua kwamba hapo alielewa. Nikamwambia mabukwe: pasha maji kwa kuni leo, ya joto lilelile. Mwogeshe mtoto. Akilia kama kawaida yake, mimi na mzee tutaondoka na kukuachia zawadi yako, na sitarudi. "Ego," alisema mabukwe. Haya.

Wakati maji yanapashwa moto nilijuta. Ninyi mmelea, mnajua: watoto wanalia. Wanalia kwa baridi, kwa njaa, kwa sabuni ya machoni. Nilikuwa nimeweka roho za watu kwenye mdomo wa kichanga, na kama angelia tu kwa ushetani wake wa kitoto, hita ingerudi kwenye soketi kesho jioni na wale wanawake wa mkekani wangeingiza miguu yao. Mabukwe alimwaga beseni, akatia maji mapya, akayapima kwa kiwiko. Akamfungua mtoto. Mtoto alipoona anafunguliwa nguo alianza kukunja uso, mdomo unatetemeka, ngumi zimebana. Alishajua kinachokuja. Esperansi akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Mabukwe akamteremsha, miguu kwanza, kisha makalio, kisha mgongo. Mtoto akabaki na mdomo wazi. Akasubiri. Tukasubiri naye. Kisha ngumi zake zikafunguka, moja, na nyingine, akapiga maji kwa mguu, akashusha pumzi, akamwangalia bibi yake.

Nilimsikia Esperansi anapumua kwa shida kando yangu. Mabukwe alikuwa amemshika mjukuu wake kwa mikono yote miwili, na machozi yanamdondokea majini, na hata kuyafuta hawezi kwa sababu mikono imeshika mtoto. "Mbabarira," alimwambia, polepole. Nisamehe. "Ulikuwa unasema. Kila siku ulikuwa unasema."

Mzee Hemedi huko nje hakuwa ameelewa hata kimoja. Alikuwa amesikia kishindo, ugomvi wa Kirundi, mlio wa maji, na sasa kimya. "Yusta?" aliita. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa khanga, nalia, nisimshtue mtoto. "Yusta! Esperansi!" Kimya chetu kilimwingia vibaya. Nilisikia kiti kinaanguka, nikasikia miguu inakuja mbio, mabua ya kiuga yakavunjika, akaingia mahali ambapo mwanamume haingii, kofia haipo, macho yamemtoka, akatuona wanawake watatu tumeinama juu ya beseni tunalia. "Inna lillahi," alisema. Akakaa chini kwenye tope. "Nimemwua na huyu," alisema. "Nimewaua kwa mkono wangu."

Nilidhani mabukwe atamfukuza. Alimtoa mtoto majini, anachuruzika maji, hata taulo hakumfunga, akapiga hatua moja na kumweka mapajani mwa mzee. "Mpokee," alimwambia kwa Kiswahili. "Mpokee, mzee, umsikie anavyopumua."